Sifa za Mpishi wa Sabuni

Katika mji wa Kamina, nchini Kongo, mama anayepika sabuni hatumii sufuria anayosongea bukari. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, na soda kostiki huila alumini mpaka itoboke, huku ikitoa gesi inayoshika moto. Yeye hutafuta pipa la chuma au beseni gumu la plastiki. Huitia soda ndani ya maji, wala hamwagi maji juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko huo hupata joto kali ghafla na unaweza kumrukia usoni. Kabla hajagusa mafuta, tayari ameonyesha kwamba anaijua tabia ya vitu. Wengi humwona mchuuzi mdogo tu wa sokoni. Mimi namwita fundi, na fundi wa kuheshimiwa.

Sabuni huzaliwa na vitu viwili vya asili mbalimbali. Kimoja kimetoka kwenye uhai: mafuta ya mawese, yaliyokamuliwa katika matunda ya mchikichi. Kingine kimetoka kwenye madini: soda, ambayo viwandani hutengenezwa kwa chumvi. Pasipo soda ya dukani, kazi yake inaweza kufanywa na majivu. Mikungu ya michikichi iliyokwisha pukutishwa na maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi; yakichomwa, na majivu yake yakachujwa kwa maji, hupatikana maji makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni laini, nyeusi. Nchi hii haikuwa ngeni kwa mali hizo. Ufalme wa kale wa Waluba ulifanya biashara ya chumvi, chuma, samaki na mafuta ya mawese muda mrefu kabla reli haijafika Kamina.

Ufundi umo katika kipimo. Kilo moja ya mafuta ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za soda safi. Ikizidi, sabuni itachoma ngozi ya anayefua. Ikipungua mno, mafuta yatabaki, na kipande kitaanza kunuka. Fundi hupunguza kidogo tu, ili yabaki mafuta machache ya kulinda mikono. Kisha hukoroga. Mwanzoni mafuta na maji hugomeana, kila kimoja kikirudi upande wake. Lakini chembe za kwanza za sabuni zikishatokea, zenyewe huyavunja mafuta kuwa matone madogo, na matone hayo hukutana na soda upesi zaidi. Sabuni huharakisha kuzaliwa kwa sabuni. Ndiyo maana uji uliokuwa mwepesi kwa muda mrefu huwa mzito ghafla, na mwiko ukipita huacha alama juu yake. Fundi anakitambua kitambo hicho kwa jicho na kwa uzito anaousikia mkononi. Akiacha mapema, mafuta na maji yatatengana. Akichelewa, uji utamgandia kabla hajaumimina kwenye kalibu.

Hapo yeye hutua mwiko, na mpangilio unaofuata haufanywi na mkono wa mtu. Kila molekuli ya mafuta inayovunjika hutoa gliserini moja na molekuli tatu za sabuni. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa, kilichoshikana na sodiamu ya madini, hupenda maji. Mkia, mnyororo mrefu wa kaboni uliojengwa na mti, huyakimbia. Sabuni inapoganda, molekuli hizo hujipanga safu kwa safu, vichwa kwa vichwa, mikia kwa mikia. Ikiyeyushwa katika maji ya kufulia hadi kupita kiwango fulani, hujikusanya makumi kwa makumi, kama watoto waliolala kuzunguka moto, miguu ndani na vichwa nje. Mikusanyiko hiyo huitwa miseli, na upana wake ni nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Uchafu wenye mafuta huingia katikati, penye mikia, na maji yakauchukua. Nguvu ya kuzipanga hutoka hasa kwenye maji: molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na mikia isiyo na nafasi kati yao husukumwa mpaka ikutane.

Wataalamu walichukua muda kuyafahamu haya. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mafuta yamejengwa kwa asidi na gliserini. Mwaka 1913 James William McBain, aliyefundisha Bristol, Uingereza, alitoa wazo kwamba sabuni hujikusanya ndani ya maji, wazo lililoonekana la ajabu wakati huo. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza kwamba wametumia miseli kama kalibu ya kujengea silika yenye matundu ya nanomita, yaliyopangwa sawasawa. Hata ngozi ya kila seli ya mwili wetu imejipanga kwa kanuni hiyohiyo ya vichwa na mikia. Mpishi wa sabuni wa Kamina anafanya kazi chini ya kanuni iliyoleta vyote hivyo.

Historia nayo inatudai. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo, na katika miaka iliyofuata watu wengi walilazimishwa kukata mikungu kwa faida ya kampuni yake. Soda bado hutoka mbali, lakini anayepika sabuni hapa kwa mafuta ya hapa anabakiza nchini faida ambayo zamani ilichukuliwa na wengine.

Tena anatulinda. Mkoa wetu wa Haut-Lomami unakijua kipindupindu, hasa huko Bukama, Malemba-Nkulu na kandokando ya ziwa Upemba. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Virusi vya Ebola na vya korona vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na molekuli za sabuni hujipenyeza katika utando huo na kuupasua.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kemia wa Kamina: mwalikeni mpishi wa sabuni darasani, na mwacheni afundishe. Mwanafunzi akiuona uji ule ukibadilika mbele ya macho yake, hatasahau molekuli ni nini. Nanyi wanunuzi, msibishane naye kwa faranga chache kana kwamba anauza udongo. Kipande kile kina kipimo, subira na maarifa ndani yake. Mlipeni haki yake.