Sinia Linalotangulia

Kumbi nyingi za sherehe mjini Singida siku hizi zina kila kitu isipokuwa Singida yenyewe. Mezani utakuta pakiti ya krispi iliyofungwa kiwandani, soseji zilizopoa na vijiti vya meno. Wakati huohuo, barabarani, abiria wa mabasi ya Mwanza wananunua kuku wa kienyeji, madumu ya mafuta ya alizeti na chupa za asali. Msafiri anayesimama kidogo tu anaondoka na ladha ya mkoa huu zaidi kuliko mgeni aliyealikwa kwa kadi na kutoa mchango wake. Vyakula vyetu vipo tele. Kilichopungua ni ufundi wa kupanga vitafunwa, na umepungua kwa sababu hatuuhesabu tena kuwa ufundi.

Kitafunwa kina kazi moja ngumu: kumtuliza mgeni bila kumshibisha. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku, chakula kinafunguliwa saa 4. Muda huo wote unabebwa na sinia, wala si mshereheshaji kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana mjuzi huanza na vikavu, karanga za kukaangwa kwa chumvi zisizoharibika mgeni akichelewa. Sambusa huzifunga mapema, lakini hazitii mafutani mpaka watu wawe wamekaa, na huzikaanga kwa mafungu, maana sambusa iliyokaangwa mchana hulegea kabla ya jua kuzama. Asali, hata iwe ya Manyoni au Itigi, huiweka mbali kabisa na saa hizi: utamu ukitangulia, pilau litarudi jikoni.

Lakini akili ya fundi huonekana zaidi kwenye firigisi. Kuku mmoja ana firigisi moja, na kila mtu anaitaka, kwa hiyo kamati nyingi huikwepa zisije zikaleta manung'uniko. Hebu tupige hesabu. Sherehe ya watu 200 inayompa kila mgeni vipande viwili, kila kuku akikatwa vipande vinane, inachinja kuku 50. Firigisi, maini na mioyo yao tayari vimelipiwa ndani ya bei ya kuku. Chukua firigisi na maini peke yake, kata kila kimoja vipande viwili, utapata vipande 200. Firigisi zitangulie kuchemshwa taratibu, kwa sababu za kuku wa kienyeji ni ngumu, kisha zikaangwe kwa alizeti na vitunguu vyekundu vya hapahapa, maini yakiingia mwishoni. Kila mgeni ameonja, na bajeti haijaguswa. Leo vitu hivi huishia kuliwa na wapishi nyuma ya jiko (siwalaumu, angalau wao wanajua kilicho kizuri).

Kisha kuna mkono unaopitisha. Sinia likitelekezwa mezani, waliokaa karibu hulimaliza. Mhudumu anayejua kazi hutembea nalo, akitanguliwa na mwenye jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, akaanza kwa wazee na wageni waliotoka mbali. Kunawishwa ni heshima ambayo karatasi yenye unyevu haiwezi kuitoa.

Wapo wanaosema vitafunwa ni mambo ya kuiga, kwamba sisi tulikuwa tukisubiri chakula tu. Hoja hiyo inasahau karanga, mbegu za maboga na togwa aliyowekewa mgeni huku kuku akikimbizwa uani. Kilichoigwa ni pakiti. Wengine husema kuku wa kienyeji amepanda bei kwa kuwa wanunuzi wa Dodoma na Dar es Salaam wanamgombania. Ni kweli, na ndiyo sababu zaidi ya kutotupa kilicho ndani yake. Hoja nzito ni ya usafi: pakiti haijashikwa na mtu. Lakini soseji iliyokaa saa tatu nje ya jokofu haina usalama wowote wa kujivunia, ilhali kilichotoka motoni kikaliwa papo hapo hakihitaji kufungwa. Kinachohitajika ni watu wa kutosha jikoni na kwenye masinia, na hapo ndipo kamati hubana fedha ili zipatikane za mapambo na picha za droni.

Basi kamati itakayoketi baada ya mavuno ya alizeti kupanga send-off ijayo, iwe Kiomboi, Ikungi au mjini, iamue kwanza nani atakaanga na nani atapitisha sinia. Rangi ya vitambaa ijadiliwe kikao kinachofuata.