Ziwa Liko Mkono Gani?

Wiki iliyopita tulibandika chapa 14 za watoto kwenye ukuta wa darasa hapa Nyarugusu. Nilisaidia kufundisha, kwa hiyo lawama nitakazotoa zinanihusu na mimi.

Nyingi ni safi mno. Mistari imenyooka kama ya rula, na sababu naijua: kisu kilipokwama, sisi wakubwa tulikichukua mkononi mwa mtoto tukammalizia. Sehemu unayochonga kwenye lino haishiki wino, inatoka nyeupe. Unayoiacha inatoka nyeusi. Hapo ndipo mtoto anapoamua. Tukimwamulia, si kazi yake tena, ni yetu yenye jina lake.

Moja hatukuigusa. Binti wa miaka 11, ambaye Kongo anaijua kwa mdomo wa mama yake tu, alichora barabara ya kutoka Baraka kwenda Uvira: milima kushoto, ziwa kulia. Ziwa aliliacha jeusi lote, hata mtumbwi hakuweka. Milima aliichimba kwa mikato mifupi mifupi, kama mtu anayelima shamba la mawe. Kwangu mimi hakuna nyingine ukutani pale inayoifikia.

Lakini kuchapa hugeuza. Ziwa likatoka kushoto. Mama yake alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Hii haiko kwetu. Hii ni Kigoma." Na kweli, ukiwa ng'ambo hii ya Tanganyika ukielekea kaskazini, ziwa liko kushoto.

Mwenzangu alisema eti sanaa haina kulia wala kushoto. Nakataa. Tuliwaacha watoto wachore moja kwa moja juu ya lino, na huo ulikuwa uvivu wetu. Mchoro wa penseli laini unaulaza kifudifudi juu ya lino, unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, nao unahamia ukiwa umegeuka. Ukichapa, unarudi sawa. Ni kazi ya dakika chache. John Muafangejo, mzaliwa wa Angola aliyevuka kwenda Namibia, alijaza maneno kwenye chapa zake za lino, na ili yasomeke ilibidi achonge herufi kinyume. Sisi tulikuwa na haraka ya kuona wino.

"Mwalimu, mbona ziwa imehama?" binti aliniuliza. Nilibabaika. Ameomba kipande kingine arudie. Lino imeisha, basi nimempa kile nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe.