Faili Lisiloiachia Mashine Uamuzi

Kazi ya uchapaji huharibika au kutengenea kabla wino haujagusa karatasi. Kitabu kikitoka na herufi zenye ukungu au picha zilizofifia, lawama huenda kwa fundi, kwa wino, kwa mtambo uliochakaa. Mara nyingi kosa lilikuwamo ndani ya faili tangu mwanzo, na mtambo umelitekeleza kama lilivyo. Kwa hiyo anayetaka kutofautisha kazi njema na mbovu inampasa ajue kulipima faili lenyewe, hasa lile linalotumwa moja kwa moja kutoka kompyuta hadi printa bila programu nyingine kulifungua njiani. Kipimo ninachokitetea hapa ni kimoja: faili bora haliiachii mashine uamuzi wowote. Umbo la herufi, aina ya rangi, ukubwa wa picha na mahali pa kukata viwe vimeshaamuliwa na aliyeiandaa kazi, mashine ibaki na utiifu tu.

Kipimo hiki kimo ndani ya historia ya ufundi wenyewe. Kampuni ya Adobe ilitoa lugha ya PostScript mwaka 1984, na mwaka uliofuata Apple ikaitia ndani ya printa yake ya LaserWriter. Ukurasa ulianza kuelezwa kwa maagizo, chora mstari huu hapa, weka herufi ile pale, badala ya kuhesabiwa nukta kwa nukta kwa ajili ya mashine moja. Faili lile lile lililotoka kwa nukta 300 kwa inchi kwenye printa ya mezani liliweza kutoka kwa nukta zaidi ya 1,000 kwenye mashine ya Linotype, kila kitu kikiwa mahali pake. Lakini PostScript ni lugha kamili ya programu, na faili lake linaweza kuiuliza printa hali yake kisha likabadilika kufuatana na jibu. PDF, iliyotoka mwaka 1993, iliufunga mlango huo kwa kuuandika ukurasa ukiwa umekamilika. Mwaka 2001 kikaja kiwango cha PDF/X-1a: fonti zote ziwemo ndani ya faili, rangi ziwe za wino na si za skrini, mpaka wa kukata utajwe. Kila sharti la kiwango hicho ni uamuzi mmoja ulioondolewa mikononi mwa mashine.

Ndiyo maana kutuma moja kwa moja ni mtihani mkali kuliko kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Programu ikilifungua faili, hulisaidia bila kuombwa: huupunguza ukurasa kidogo uingie ndani ya pambizo za printa, huuzungusha, huzigeuza rangi. Baiti zikipelekwa zenyewe kwenye mlango namba 9100, ambao printa nyingi za mtandao huusikiliza, msaada huo haupo na faili linaonekana lilivyo. Sharti printa iwe inaijua lugha ya faili. Isipoijua PDF, itatoa rundo la karatasi zenye alama zisizosomeka, ya kwanza ikianza na %PDF, na hapo mwenye upungufu ni printa.

Kwenye upimaji wenyewe, anza na fonti, kwa sababu hapo ndipo kosa hujificha vizuri zaidi. Dirisha la sifa za faili ndani ya Acrobat Reader huorodhesha kila fonti na kusema kama imebebwa. Isiyobebwa huachiwa printa itafute inayofanana nayo. Arial ikibadilishwa kwa Helvetica ni vigumu kugundua, kwani upana wa herufi ni ule ule. Anayejua kazi hagundui kwa macho, husoma orodha. Kwenye vitabu vya dini vya Kiswahili vyenye aya za Kiarabu athari yake ni nzito mno: fonti ikikosekana, herufi zinaweza kuachana au irabu kuhama mahali pake, na maana ikapotea.

Rangi nyeusi ndiyo inayomtambulisha mwandaaji. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa kuwa wino huwa mchanganyiko wa siani, majenta, manjano na nyeusi, na herufi ndogo hulazimika kupigwa mara nne mahali pamoja. Pleti ya wino mmoja ikisogea kwa sehemu ya kumi ya milimita, herufi huota kivuli cha rangi. Jaribio lake ni zuri kwa urahisi wake: fungua onyesho la rangi zilizotenganishwa kwenye Acrobat Pro, uzime nyeusi. Maandishi ya kawaida yatoweke yote. Yakibaki hata kwa ukungu, faili halijaiva. Papo hapo angalia maandishi meupe juu ya rangi. Yakiwa yamewekewa agizo la kuchapwa juu bila kuitoboa rangi ya chini, yatapotea kabisa karatasini hata kama skrini inayaonyesha.

Picha zipimwe kwa ukubwa zinaokaa nao kwenye ukurasa. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha kwa inchi 4, kwani hutoa pikseli 300 kwa inchi. Ikitandazwa upana wote wa A4 inashuka hadi 145 hivi. Kuiongezea pikseli kwa programu hubadilisha namba tu. Kuhusu ukingo, yaani sehemu inayopita mpaka wa kukata, milimita 3 za ziada kila upande ndizo desturi, hivyo A4 hufika milimita 216 kwa 303.

Wapo watakaosema kwamba mafundi hurekebisha haya kila siku. Ni kweli, na wengi wao ni hodari. Lakini marekebisho ya fundi ni kukisia nia ya mtu ambaye hayupo: haoni tofauti kati ya nyeusi iliyochanganywa kwa makusudi ili kava liwe zito na ile iliyochanganyika kwa bahati mbaya. Wengine watasema faili lililofungwa linawanyima wenye maduka madogo nafasi ya kusahihisha jina kwenye kadi ya harusi. Jina lisahihishwe kwenye faili la asili, kisha PDF itolewe upya. Akilisahihisha fundi ndani ya nakala ya kuchapia, nakala ya asili hubaki na kosa, na oda ya pili hutoka nalo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wenye printa za kidijitali: mashine zao zinaweza kutoa rangi pana kuliko wino nne za ofseti, na kuzigeuza rangi mapema ni kuzipunja. Wana haki, na PDF/X-4 inaruhusu rangi za skrini zibaki mradi kila moja ifuatane na profaili inayoeleza maana yake. Kwa hiyo nisieleweke kwamba kila kitu lazima kigeuzwe kuwa wino mapema. Ninachodai ni kwamba rangi isiingie kwenye mashine bila kutajwa ni rangi gani.

Kutaja huko kunagusa karatasi pia. Faili la PDF/X hubeba tamko la hali ya uchapaji iliyokusudiwa, na tamko hilo halipambi faili. Karatasi yenye mng'aro huvumilia jumla ya wino ya asilimia 300 au zaidi kidogo; karatasi ya gazeti huishia karibu na 240, na zaidi ya hapo wino hauwahi kukauka, hupaka ukurasa wa jirani. Tangazo lililoandaliwa vizuri kwa jarida linaweza kupita vipimo vyote vilivyotangulia na bado likaharibu gazeti. Anayelipokea kwa ajili ya gazeti na alisome tamko hilo kwanza, kabla ya fonti, kabla ya picha.