Kusadikika: kitabu cha vijana ao cha watu wazima?

Walimu wengi wanaweka Kusadikika ya Shaaban Robert katika kabati ya vijana. Sababu inaonekana: kitabu ni kifupi, inchi yake inaelea hewani, na mushitaki anaitwa Majivuno, kama katika hadisi za watoto.

Lakini tusome vema. Karama anashitakiwa juu ya kufundisha elimu ya sheria. Kwa siku sita, mbele ya mufalme, anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia inchi yao mema, waliporudi, wakafungwa. Kitabu kilitoka mwaka wa 1951, Tanganyika ikingali chini ya Waingereza. Kijana anafurahia safari. Mutu mzima anahesabu vifungo.

Basi tusiwanyime vijana kitabu hiki, wala tusiwaache wazani wamekimaliza. Museminari wa Lubumbashi aliyekisoma akiwa na miaka 15 akifungue tena siku atakapopewa parokia. Siku hiyo yeye mwenyewe atakaa katika baraza, na wajumbe watasimama mbele yake na habari asizopenda kusikia.