“Malaika” Mikononi mwa Wapiga Gitaa wa Turwa: Uhakiki wa Upigaji kama Usomaji wa Wimbo

1. Utangulizi

Wimbo “Malaika” kwa kawaida hujadiliwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huyachukua maneno yake na kuyasoma kama shairi la mapenzi. Namna ya pili huuliza nani aliyeutunga. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001, ndiye ambaye kurekodi kwake kuliufanya ujulikane katika miaka ya 1960. Hata hivyo, wapo wanaoutaja utunzi kuwa wa Adam Salim, na ubishi huo umechukua nafasi kubwa kuliko wimbo wenyewe. Makala haya yanashughulikia jambo la tatu, ambalo wahakiki wa fasihi huliachia wanamuziki: kile ambacho mpiga gitaa huufanyia wimbo huu anapoupiga tena. Hoja inayotetewa ni kwamba upigaji wa namna hiyo ni usomaji. Kama ulivyo usomaji wowote, unaweza kuwa makini au mwepesi, na kwa hiyo unastahili kuhakikiwa.

2. Kopi au Tukio?

Katika lugha ya wanamuziki wa dansi nchini Tanzania, kupiga wimbo wa mwingine huitwa kupiga kopi. Neno hilo lina kebehi ndani yake: bendi inayopiga kopi ni bendi isiyo na chake. Lakini kwa mtazamo wa fasihi simulizi, kebehi hiyo haina msingi. Mulokozi (1989) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Bibi anayesimulia ngano aliyoipokea kwa mama yake haambiwi kwamba ametoa kopi. Tunamuuliza ameisimuliaje, kwa nani, na ameongeza nini.

Historia ya “Malaika” inathibitisha jambo hili. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M. wakaupeleka kwenye pop ya Ulaya mwaka 1981. Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991. Maneno kwa sehemu kubwa yalibaki yale yale. Kilichobadilika ni ala, mwendo na hadhira, na pamoja navyo ikabadilika maana.

3. Suala la “Mali”

Kisa cha wimbo ni chepesi kukieleza: kijana anampenda msichana, angependa kumwoa, lakini hana uwezo. Kizuizi hicho kinatajwa kwa maneno mawili, mali na pesa, na wasikilizaji wengi wa mjini huyachukua kama kitu kimoja. Katika Turwa, wilayani Tarime, maneno haya hayalingani. Kwa Wakurya, mali inayooa ni ng’ombe. Rwezaura (1985), katika utafiti wake kuhusu sheria za kifamilia za Wakurya, anaonesha jinsi mahari ya ng’ombe inavyounganisha kaya, koo na vizazi. Ng’ombe walioingia kwa mahari ya binti huweza kutoka tena kumwolea kaka yake. Kijana asiye na mali, basi, si lazima awe mvivu au fukara kwa kosa lake. Huenda ni kijana asiye na dada wa kuolewa, au ambaye zamu yake haijafika. Msikilizaji wa Turwa anapolisikia neno hilo, anasikia ukoo mzima nyuma yake.

4. Upigaji wa Namna Tatu

Mtafiti aliketi na wapiga gitaa watatu wa Turwa, akawaomba kila mmoja aupige wimbo huu kwa namna yake kisha wajadiliane. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti, hawatajwi kwa majina.

Wa kwanza ni mzee aliyewahi kupiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi, enzi ambazo neno Jazz katika majina kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz lilimaanisha bendi ya magitaa ya kuchezesha watu, wala si muziki wa Wamarekani weusi. Aliupiga kwa mwendo wa rumba ya polepole, kwa kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja. Penye neno mali, alinyamaza. Mkono ulitua juu ya nyuzi na sauti ikakatika. Hoja yake ilikuwa kwamba gitaa halipaswi kumtangulia mwimbaji wala kumfariji. Ukimya huo ndio nguvu ya upigaji wake. Udhaifu wake ni kwamba unalifanya tatizo kuwa la mtu mmoja: kijana anabaki na huzuni yake, na jamii haisikiki.

Wa pili alianza na litungu, zeze la Wakurya lenye nyuzi nane na sauti nzito, kabla ya kushika gitaa. Kidole gumba chake kilirudia kifungu kimoja kifupi cha besi tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali kodi zinavyobadilika juu yake. Wimbo unapokwenda kwenye kodi ya tano, besi hiyo inagongana nayo. Mzee alimkosoa kwa hilo, akisema ni kosa la sikio. Mwenyewe alijibu kwamba litungu halihami kwa sababu mwimbaji ana huzuni. Kwa maoni ya makala haya, jibu hilo ni la kihakiki kabisa. Besi isiyohama ni desturi isiyohama: kijana analalamika juu, na chini yake utaratibu wa ng’ombe unaendelea kama kawaida.

Wa tatu, kijana anayepiga kanisani na kwenye sherehe, amejifunza jazi ya Kimarekani kwa kutazama video katika simu. Alizipamba kodi tatu za mzee kwa sauti za ziada, na kabla ya ubeti wa mwisho akajitungia papo hapo kipande kirefu cha solo. Ulikuwa upigaji mtamu kuliko yote, na wenzake walikiri hivyo. Lakini mzee alimuuliza: katika utamu wote huo, yule asiye na mali yuko wapi? Kijana alijitetea kwamba yeye huupiga wimbo huu harusini, na kufikia siku ya harusi mahari imekwishazungumzwa. Waliohudhuria wanasikia hofu iliyopita. Utetezi huu unaeleza vizuri kitendawili cha wimbo wa ndoa isiyowezekana kupendwa katika sherehe za ndoa. Hata hivyo, hofu iliyopita inapaswa kwanza isikike kama hofu. Upigaji wake ulianzia kwenye faraja, na faraja isiyotanguliwa na dhiki haina inachofariji.

5. Asiyejibu

Katika mjadala wote, hakuna aliyemgusa msichana. Wimbo unamwita, unamsifu na kumfananisha na ndege, lakini yeye hasemi neno. Katika mazingira ambamo mwili wake ndio unaoleta ng’ombe zizini, ukimya huo si jambo dogo la kifani. Mtafiti alipolitaja, wa pili alisema kwamba gitaa la pili linaweza kumjibia, kwani katika muziki wa dansi magitaa huitikiana. Yeye na kijana walijaribu: mmoja akashika besi ya litungu, mwingine akaacha mapambo yake na kujibu kila mstari kwa sauti mbili au tatu za juu. Jibu hilo lilikuwa fupi na, pengine kwa bahati, halikukubaliana na kodi ya mwimbaji. Mzee, ambaye alikwishaikosoa migongano ya namna hiyo, safari hii hakuikosoa.

6. Hitimisho

Uhakiki huu unaonesha kwamba maneno ya “Malaika” yakichapwa peke yake hayatoshi kuwa matini ya kuhakikiwa. Upana wa neno mali, upweke wa kijana, na ukimya wa msichana vinaamuliwa pia na besi, mwendo na kimya cha mkono juu ya nyuzi. Miongoni mwa pigo tatu za awali, la pili ndilo lililousoma wimbo kwa kina zaidi, ingawa si tamu zaidi, kwa kuwa liliiweka jamii ndani ya ala yenyewe. Inapendekezwa kwamba tafiti za nyimbo za Kiswahili ziwahoji wapiga ala kama wahakiki, si kama mashahidi wa utunzi tu, na kwamba swali la nani alitunga lisiendelee kufunika swali la nani, ndani ya wimbo, bado hajapewa nafasi ya kujibu.