Busti Huja Mwisho

Mwenye gari anataka busti, ile presha ya hewa ambayo turbo huisukumia injini. Fundi anaanza na kijiti cha oili.

Gari ni Subaru Forester ya mwaka 2004, injini ya lita 2 yenye turbo, na limeletwa kwenye gereji moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi. Fundi anachomoa kijiti, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena, kisha anasugua tone la oili kati ya vidole viwili. Katika injini hii, kamshafti za valvu za kuingiza hewa hazina mkao mmoja. Ndani ya gia inayoziendesha mna vyumba vidogo vya oili, na kompyuta ya injini, kwa kufungua na kufunga solenoidi, huisukuma oili hiyo upande huu au ule ili valvu zifunguke mapema au zichelewe. Oili ikiwa chafu, amri huchelewa kufika. Ndiyo maana anafungua boliti zinazopitisha oili kwenda juu, anatoa vichujio vyake vidogo vya wavu na kuvitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha anapuliza moshi kwenye paipu za hewa kutafuta panapovuja. Hapavuji. Sasa gari linapandishwa kwenye rola za dainamomita na kufungwa mikanda.

Hatua inayofuata humkunjisha mteja uso: fundi anaizima solenoidi ya busti. Westigeti, ule mlango unaoruhusu sehemu ya moshi wa ekzosi ipite pembeni bila kuzungusha turbo, sasa inashikwa na springi yake tu, na busti inabaki kidogo. Nchi iliyomwona Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza haina subira na Subaru isiyovuta. Lakini ukibadilisha kamshafti na busti kwa pamoja, hutajua faida imetoka wapi.

Kamshafti zinawekwa digrii 0 za kuwahisha valvu, na injini inakanyagwa kutoka mizunguko 2,000 hadi 6,500 kwa dakika. Mstari mmoja unachorwa kwenye skrini. Feni kubwa inapuliza mbele ya gari mpaka joto lirudi pale lilipoanzia. Halafu digrii 10, na feni. Digrii 20, na feni. Digrii 30. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kulinganisha injini iliyopoa na injini iliyochemka, kisha wakaisifu kamshafti kwa kazi iliyofanywa na feni.

Mistari minne ikishalaliana, kila mmoja una eneo lake. Ule wa digrii 30 unapaa mapema: valvu za hewa zinajifunga kabla hewa haijarudishwa nyuma na pistoni, na kwa kitambo kidogo zinakuwa wazi pamoja na zile za ekzosi, hivyo hewa mpya inausukuma nje moshi uliobaki na turbo inaamka upesi. Juu ya mizunguko 5,000 mstari huo huo unaporomoka, kwa sababu presha ya ekzosi imezidi ile ya hewa inayoingia, na moshi unataka kurudi ndani. Fundi anachukua kilele cha kila eneo, lakini haviungi vilele hivyo kwa kona kali. Anashusha digrii polepole kutoka mizunguko 4,000 hadi 5,500, akilinganisha pembe iliyoamriwa na pembe ambayo sensa inaripoti. Zikiachana, anapunguza ukali wa mteremko mpaka oili iweze kuufuata.

Baada ya hayo solenoidi ya busti inawashwa. Kazi yake ni kuiba sehemu ya hewa ambayo ingeisukuma westigeti ifunguke. Fundi anamwongezea mwizi huyo muda wa kazi kwa asilimia 5, kisha 3, kisha 2. Masikioni ana vizibo vilivyounganishwa kwa mpira na kipande cha bomba la shaba kilichofungwa kwenye bloku ya injini. Anatafuta mgoto mmoja mkavu, kama kokoto inayodondoka ndani ya kopo. Sensa ya kompyuta nayo inasikiliza, ila yeye huamini pale wanapokubaliana. Kwenye mizunguko 4,200 kokoto inadondoka. Anachelewesha cheche kwa digrii moja mahali hapo tu, anasubiri feni, anarudia.

Mteja anauliza kama busti haiwezi kuongezwa kidogo tena. Inaweza, fundi anasema, kama hutashuka Mombasa.

Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni takriban kilopaskali 83. Pwani ni 101. Ili kufikia presha ile ile ndani ya injini, turbo hapa inafanya kazi kubwa zaidi, na asilimia zinazotosha huku zitapitiliza kule, tena kwenye joto. Basi anafungua jedwali la fidia ya presha ya anga, anapunguza muda wa solenoidi kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito, na kuweka kikomo ambacho busti ikikivuka kompyuta itakata mafuta.

Kebo ya kurekodi data za kompyuta ya injini anamwachia mteja. Akifika Mtito Andei, arekodi mvuto mmoja wa gia ya tatu pale barabara ikiwa tupu, na mwingine akikaribia Mariakani, kisha amtumie faili zote mbili kabla hajaanza safari ya kurudi.