Ngano ya Simbi kwa Watoto

Wajaluo husimulia asili ya ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay nchini Kenya. Kikongwe mgeni alinyimwa makao kijijini, ila mwanamke mmoja alimkaribisha. Usiku maji yakakimeza kijiji, naye mkarimu akaokoka.

Fundisho la ukarimu twalisifu. Lakini ngano yakoma palipo na haja: kesho yake mama yule alikula nini, na nani alimpokea? Tena, Ziwa Viktoria lilipofurika mwaka 2020, maji hayakuchagua wema na wabaya. Mtoto wa Bweri asije akadhani waliopoteza nyumba ufukweni walilaaniwa. Mwalimu na aisimulie, kisha awaulize watoto: Je, kikongwe wa leo si yule aliyefurikiwa?